Kuijua mashua kamba kwa kamba: somo la anayeanza

Anayetaka kujifunza tanga huwa na haraka ya kuondoka pwani. Mimi humwanzisha chombo kikiwa mchangani. Subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yapwe mpaka mashua isimame juu ya magadi yake, yaani miti ya kuiegemeza, kisha izunguke kwa miguu. Kila kamba utakayoikuta ishike mkononi na uifuate kutoka inapofungwa hadi inapoishia. Kamba uliyoifuata hivyo hutaisahau hata usiku.

Nazungumzia mashua ya mlingoti mmoja na tanga moja, kama utakazoziona Nungwi, Mafia au Lamu. Majina ya baadhi ya vitu hubadilika kutoka bandari hadi bandari. Nahodha wako akikuambia jina jingine, fuata lake.

Hatua ya 1: Mwili wa chombo

Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mti mzito unaopita chini kabisa, kutoka omo hadi tezi, ni mkuku. Inama uutazame, kwa sababu majini hutauona: pamoja na usukani, ndio unaosaidia chombo kisisukumwe pembeni upepo unapokipiga ubavuni. Ndani, mbao za ubavu zimeshikwa na mataruma, yaani mbavu za chombo, na chini yake ni ngama, yanakokusanyika maji. Kopo la kufulia maji, yaani la kuyatoa nje, liwe hapo siku zote, limefungwa kwa kamba.

Tezini umening'inia usukani, na mti wa kuushikia unaitwa kana. Isukume kana kulia, uone ubao wa usukani unavyokwenda kushoto. Ukiwa safarini, omo nayo itageukia kushoto. Rudia hapo hapo mchangani hadi mkono uzoee, maana aliyezoea gari hukosea hapa kuliko mahali pengine popote.

Mifuko ya mchanga unayoiona sakafuni ni farumi, uzito wa kukituliza chombo. Haikuachwa hapo kwa uvivu. Mashua tupu bila farumi hulala upesi.

Hatua ya 2: Mlingoti

Mguu wa mlingoti umekaa kwenye tundu la gogo lililolazwa juu ya mkuku, na juu kidogo umefungwa kwenye boriti inayokata chombo kwa upana. Rudi nyuma hatua kumi uutazame kwa ubavu: umeinama kuelekea omo. Fundi hakukosea. Kwa kuinama hivyo, foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga, inaning'inia mbele bila kuukwaruza mlingoti, na inapata nafasi ya kusimamishwa wima wakati wa kugeuza tanga.

Kileleni kuna roda, gurudumu dogo la kupitishia kamba. Kabla mlingoti haujasimamishwa, izungushe kwa kidole. Ikikwama, ipake shahamu. Ikiwa imelika upande mmoja, badilisha. Roda iliyokwama ndiyo inayokufanya ushindwe kutua tanga siku ya dhoruba.

Hatua ya 3: Foromali na tanga

Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Mara nyingi si mti mmoja: ni miwili iliyopishanishwa katikati na kukazwa kwa kamba, mnene chini, mwembamba juu ili upinde kidogo upepo ukizidi. Pitisha kiganja kwenye mafungo hayo. Kamba ikicheza hata kidogo, ifunge upya kabla ya kwenda popote.

Ncha nene ya foromali hukaa mbele na chini, nyembamba hupanda nyuma na juu. Tanga limefungwa foromalini kwa vikamba vifupi kutoka ncha hadi ncha. Pembe ya chini ya mbele, inayofungwa karibu na omo, ni goshi. Pembe ya chini ya nyuma ndiyo inayobeba kamba iitwayo demani.

Hatua ya 4: Henza na demani

Hapa kaa sana.

Henza ndiyo kamba inayotweka, yaani inayolipandisha tanga. Inaanzia foromalini, inapanda hadi kwenye roda, inashuka nyuma ya mlingoti na kufungwa ndani ya chombo. Kwenye jahazi kubwa huongezewa makapi, yaani puli, na jarari, kamba inayopita ndani yake, ili watu wapunguze uzito. Wengi hudhani kazi yake imekwisha tanga likishapanda. La: kwa kuwa inashukia nyuma, henza pia inauzuia mlingoti usiangukie mbele, na kwa sababu hiyo hufungwa upande unaotoka upepo. Ukiifungua ghafla upepo umejaa, unaporomosha foromali juu ya vichwa vya watu na kuunyima mlingoti tegemeo lake kwa mkupuo mmoja.

Demani ni kamba ya kuliongoza tanga. Ukiivuta, tanga linakaribia chombo. Ukiilegeza, linafunguka na kumwaga upepo. Ilegeze mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kupigapiga, kisha ivute taratibu hadi utulie. Simama hapo. Kuvuta zaidi kunakilaza chombo bila kukiongezea mwendo.

Na usiifunge demani fundo la kukaza. Izungushe mara moja kwenye kishikizo, mwisho wake ubaki mkononi. Ukilazimika kuifunga, pitisha kitanzi tu, cha kufunguka kwa mvuto mmoja. Upepo wa ghafla hausubiri mtu atafute kisu. Nahodha anayemfungia mwanafunzi demani kwa fundo zito, mimi sipandi chomboni kwake.

Hatua ya 5: Goshini, demanini, na kukisi tanga

Upande unaotoka upepo ni goshini, na huko ndiko mnakokaa. Upande wa pili ni demanini. Pande hizi hubadilika chombo kikigeuka, kwa hiyo zitaje kwa sauti kila mara mnapogeuka, hadi usihitaji kufikiri.

Ukienda mbisho, yaani kuelekea unakotoka upepo, utalazimika kubadili pande hizi mara nyingi. Kukisi tanga ni hivi: geuza chombo mpaka upepo uje kutoka tezi, legeza demani, vuta mguu wa foromali usogee mlingotini ili foromali isimame wima, kisha mtu mmoja alipitishe tanga na demani yake mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Henza na kamba za kuuzuia mlingoti nazo huhamishiwa goshini mpya. Fanyeni haya kwanza mchangani bila upepo, kila mtu na kamba yake.

Msimu nao una neno lake. Kusi la Juni na Julai si la mwanafunzi. Ngoja lilegee, au chagua asubuhi za maleleji, kipindi cha kati ya misimu ya pepo.

Hatua ya 6: Kutua

Elekeza omo kwenye upepo, legeza demani, watu wote waondoke chini ya foromali. Aliyeshika henza aiachie kidogo kidogo, akiwa ameizungusha mara moja kwenye boriti ili isimchome viganja, na mwingine alikusanye tanga linaposhuka. Lifunge foromalini hata kama mnarudi baada ya saa moja. Henza ikunje kwa duara, mwisho wake ukiwa chini, ili mkitweka tena isije na fundo kwenye roda.