Kuchoma korosho kama shambani kwetu Malindi

Kwetu kuchoma korosho ilikuwa kazi ya watoto, nyanya akisimamia kwa ukali. Zianike juani kwanza. Kisha tafuta bati kuukuu, litoboe matundu kwa msumari, uliweke juu ya mafiga, nje kabisa, moshi uende mbali na watu. Mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake si mchezo, kwa hiyo geuza kwa fimbo ndefu. Yakishika moto na maganda yakawa meusi, pindua bati mchangani, fukia: mchanga unazima moto na kufyonza yale mafuta. Zikipoa, jipake majivu vidoleni, gonga ubavuni kwa jiwe, taratibu. Zinazovunjika ni za mgongaji; mimi nilikuwa nikigonga kwa nguvu makusudi.