Darasa la bustani la bure mtandaoni: ingia na gugu lako mkononi

Kama una kabustani nyumbani na umejisajili darasa la bure la mtandaoni, nakuomba kitu kimoja kabla hujafungua video ya kwanza: toka nje, ng'oa gugu moja usilolijua jina, ling'oe na mizizi yake yote, uje uliweke mezani pembeni ya simu. Nasema hivi kwasababu wengi wetu haya masomo tunayasikiliza kama redio, tunafurahi, tunamaliza, tunapata na cheti, alafu bustani inabaki vile vile. Ukiwa na gugu lako mbele ya macho unasikiliza kitofauti kabisa.

Mimi gugu linaloitwa ndago ndio lilinifundisha. Nilipewa mche wa maua kwenye kopo, nikaupanda na udongo wake wote, wiki chache mbele naona majani membamba yanachomoza nikajua ni nyasi tu, nikawa napiga jembe kila wikiendi na kila nikipiga jembe zinaongezeka. Siku moja mwalimu kwenye somo akasema shika shina ulizungushe kati ya vidole. Nikatoka na simu yangu mpaka bustanini, nikazungusha, kweli nikasikia kona tatu, wakati nyasi za kawaida shina lake ni la mviringo. Nikachimba taratibu kwa mkono nikakuta vinundu vyeusi kama punje za maharage, vimeungana kwa uzi mwembamba mithili ya shanga. Kumbe jembe langu lilikuwa linakata ule uzi, na kinundu kikishatengwa na wenzake kinaamka na kuwa mmea unaojitegemea.

Kwaiyo ndago usiikatekate. Inua udongo kwa uma wa bustani, vinundu vingi viko kwenye sentimita 15 za juu, viokote kimoja kimoja uweke kwenye ndoo. Vitakavyobaki vitachipua, ng'oa machipukizi kila baada ya wiki mbili au tatu bila kuchoka mpaka chakula kilichomo kwenye kinundu kiishe. Usitegemee karatasi ya plastiki, ncha ya ndago inaitoboa. Kitu isichokipenda ni kivuli, panda mazao yanayofunika ardhi haraka na itadhoofika.

Lingine ambalo naomba ulijue kwa sura ni gugu karoti, kisayansi Parthenium hysterophorus. Likiwa changa limelala chini, majani yamechanika kama ya karoti, na mtu anaweza kuliacha akidhani mbegu za karoti zilimwagika. Likikua linasimama na kutoa vimaua vidogo vyeupe, na mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Ling'oe kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, na vaa glovu na nguo ya mikono mirefu maana linawasha ngozi vibaya na chavua yake inasumbua wenye pumu. Usiwape mifugo.

Ukweli unaouma ni kwamba magugu mengi vamizi hayakuvamia yenyewe, tuliyakaribisha kwa uzuri wake. Lantana ilisambazwa duniani kama ua la bustani, ndege wakala matunda wakatawanya mbegu, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na kondoo. Gugu maji nalo lilipendwa kwa maua yake ya zambarau kwenye mabwawa ya urembo. Ndio maana kabla ya kupokea mche wa mapambo tafuta kwanza jina lake la kisayansi uangalie kama eneo lako limeutaja kuwa vamizi, kwasababu mmea uliotulia sehemu moja unaweza kuwa balaa sehemu nyingine.

Kuhusu masomo yenyewe, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wana kozi za bure mtandaoni, na vyuo vikuu vingi vyenye huduma za ugani, yaani ushauri kwa wakulima, vinaweka masomo yao wazi. Programu ya PlantNet nayo ni ya bure, unapiga picha ya jani au ua inakupa majina yanayokaribia, ila lichukulie hilo jibu kama dokezo tu, piga picha ya ua, jani na shina alafu mwonyeshe na bwana shamba au bibi shamba. Kozi ikisema ni ya bure alafu ikadai namba ya kadi ya benki, achana nayo. Na angalia mwalimu anafundisha kwa hali ya hewa gani, kalenda ya kupanda ya nchi za baridi itakupoteza ukiwa kwenye joto, ingawa somo la kutambua gugu kwa shina, jani na mzizi linakufaa popote.

Jambo la mboji nalitilia mkazo maana hapo wengi tunaharibu. Lundo dogo la nyumbani mara nyingi halifiki nyuzi joto 55 ndani, kwaiyo mbegu na vinundu vinatoka vizima na wewe mwenyewe unavirudisha kwenye tuta. Magugu yenye mbegu au vinundu yafunge kwenye mfuko mweusi, acha juani wiki kadhaa mpaka yaoze kabisa.

Siku hizi mche wowote ukija kwangu unakaa kwenye kopo lake pembeni wiki nne. Chochote kinachochomoza kwenye ule udongo nakizungusha kwanza kati ya vidole.