Kabla hujanunua godoro la kuangukia

Anayepanda mawe bila kamba ataanguka, na ataanguka mara nyingi kuliko atakavyofika juu. Akiteleza kutoka mita 3, anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na vifundo vya miguu ndivyo vinavyoupokea mwendo huo kwanza. John Gill, Mmarekani aliyeanza kuupa mchezo huu sura yake tangu miaka ya 1950, alikuwa akitua kwenye udongo na majani. Magodoro maalumu ya kubeba mgongoni yalikuja kuenea miaka ya 1990. Siku hizi yapo ya kila namna, na mnunuzi mgeni huanza kwa kuuliza lipi ni nene zaidi. Hilo swali lina nafasi yake, lakini halipaswi kuwa la kwanza.

La kwanza ni ardhi utakayoangukia. Msitu wa Fontainebleau, Ufaransa, una mawe mengi yaliyokaa juu ya mchanga tambarare, na kwa njia fupi za huko, yaani mistari ya kupandia kwenye jiwe, godoro moja la kawaida linatosha. Ukienda Bishop, California, utakuta mawe ya graniti marefu kiasi kwamba watu hujumlisha magodoro matano au sita chini ya njia moja. Kwingine mawe si marefu, ila chini pamejaa mizizi, mashimo na vijiwe vyenye ncha. Basi jiulize utapanda wapi zaidi mwaka huu, wala usijipime kwa picha za mawe unayoota kuyapanda siku moja. Ardhi tambarare inataka godoro jepesi na pana. Ardhi mbovu inataka sponji ngumu, na mara nyingi inataka godoro la pili.

Kuhusu sponji ningependa tuchelewe kidogo, maana hapo ndipo fedha yako inapokwenda. Godoro zuri lina angalau tabaka mbili. Juu kuna sponji ngumu ya vitundu vilivyozibwa, unene wa sentimita 2 au 3, ambayo hewa yake haitoki hata ukiikanyaga. Chini yake kuna sponji laini ya vitundu vilivyo wazi, nene zaidi, inayotoa hewa polepole inapogandamizwa. Zote mbili kwa kawaida hufikia sentimita 9 hadi 13. Kazi zao ni tofauti. Kisigino kinapotua ni kitu kidogo chenye uzito mkubwa. Tabaka la juu hulitawanya pigo lile katika eneo pana, kisha tabaka la chini hulimeza. Ondoa lile la juu, kisigino kitazama moja kwa moja mpaka kigonge jiwe. Ndiyo maana godoro la kulalia halifai kazi hii hata likiwa nene kama kitanda.

Usidanganyike na ulaini wa dukani. Godoro linalokukaribisha vizuri unapolikalia huenda ndilo litakalokuangusha. Livue mkunjo, liweke sakafuni, simama juu yake kwa mguu mmoja na ubonyeze kwa kisigino katikati, kisha karibu na ukingo. Ukiihisi sakafu, liache. Godoro jipya linatakiwa kuwa gumu hadi likuudhi kidogo, kwa sababu litalainika lenyewe baada ya miezi michache ya kuangukiwa. Mtu mzito ahitaji sponji ngumu zaidi. Mtu mwepesi sana, au mtoto, anaweza kutua juu ya godoro hilohilo na kuhisi kama ametua kwenye ubao. Kumbuka pia kwamba baridi huikaza sponji na joto huilegeza, kwa hiyo godoro lilelile halina tabia moja asubuhi na mchana.

Sasa mkunjo. Godoro linalofunguka kama kitabu lina vipande viwili vilivyounganishwa kwa kitambaa katikati. Hulala bapa, hukunjika kwa urahisi na huingia kwenye gari bila ugomvi. Ubaya wake ni ule mfereji wa katikati: mguu ukitua humo unaweza kupenya mpaka chini na kifundo kikapinda. Baadhi ya watengenezaji hukata sponji kwa mshazari ili kipande kimoja kiegemee kingine, na wengine huweka ukanda wa sponji wa kufunika mfereji. Nikipewa kuchagua kati ya mifuko ya ziada na mkato wa mshazari, mifuko wachukue wengine. Aina ya pili ni godoro la kipande kimoja linalopindwa tu. Halina mfereji, na kwenye ardhi yenye vilima vidogo hujilaza vizuri kufuata umbo lake. Lakini likifunguliwa mahali tambarare huinuka pembeni, sponji huchoka pale linapopindwa, na likiwa limekunjwa huchukua nafasi kubwa. Kwa anayenunua la kwanza, nashauri la kitabu lenye mkato wa mshazari.

Ukubwa wa kawaida ni kama sentimita 90 kwa 120. Makubwa hufika mita moja na robo kwa mita moja na nusu au zaidi, na uzito hupanda kutoka kilo 4 au 5 hadi 9 au hata zaidi. Mimi nahofia ukingo wa godoro kuliko ninavyohofia wembamba wake, kwani kutua nusu ndani nusu nje ndiko kunakopinda vifundo. Upana unapunguza hatari hiyo. Ila pima na safari ya miguu: kama mawe yako yapo mwendo wa saa nzima kupanda mlima, godoro kubwa litabaki nyumbani, na lililobaki nyumbani halimkingi mtu.

Mikanda ya mabega iwe minene, na pawe na mkanda wa kiuno. Bizimu za chuma hudumu kuliko za plastiki. Kitambaa kiwe nailoni nzito, hasa upande wa chini unaosuguana na mawe. Rangi ni hiari yako, ingawa rangi kali humsaidia aliye juu kuliona godoro kwa jicho la haraka kabla hajaruka.

Ukipata lililotumika, fungua zipu uione sponji yenyewe. Bonyeza kwa ngumi pale katikati: kama inachelewa kurudi au ngumi inagota chini, imekufa. Ganda likiwa zima na bei ikiwa ndogo unaweza kubadilisha sponji. Na kama ni safari moja tu ya mbali, kodisha. Maeneo mashuhuri kama Fontainebleau na Bishop yana wakodishaji, na ndege hutoza mzigo mkubwa bila huruma.

Kabla hujatoa fedha, fikiria pia nani utakuwa naye. Godoro halijisogezi. Kwenye mwamba uliolala, mtu huteleza akisugua jiwe, kwa hiyo godoro likae karibu na ukuta. Kwenye mwamba ulioinamia nje, miguu ikitoka mtu huruka nyuma na kutua mbali, pengine kwa mgongo. Ukipanda kwa kwenda upande, mwenzako alivute likufuate. Mwenzako huyo kazi yake si kukudaka. Anaelekeza kiuno na mgongo wako ili utue katikati na kichwa kisigonge jiwe. Mkiwa wawili wenye magodoro ya unene unaolingana, yatakaa sawa bila ngazi kati yake, na kigodoro chembamba cha kufunika maungio kitawafaa kuliko godoro la tatu nene. Mabegi na viatu msiyatumie kujazia mashimo chini yake. Husogea baada ya anguko la kwanza.

Mwisho ni pa kuliweka. Likikaa limekunjwa miezi mitatu, sponji hushika umbo la mkunjo, hivyo uwe na ukuta wa kuliegemeza likiwa wazi, mbali na jua. Sponji laini hunywa maji kama kitambaa, na godoro lililolowa huchukua siku kadhaa kukauka hata ukivitoa vipande vyote nje ya ganda.