Somo: kangaga ya juu ya mnazi, ukoo wake utaujuaje

Haya jamani, niliahidi somo la zile kangaga zinazoota juu ya minazi, wacha nilitoe kabla stima haijapotea. Leo ni ukoo mmoja tu, Polypodiaceae, una spishi zaidi ya 1,500 na nyingi zakaa juu ya miti huko nchi za joto.

1. Tafuta shina. Si lile jani mnalopiga picha, shina lenyewe ni ule mkia wenye magamba unaotambaa kwenye gome. Jani kuukuu likidondoka lachomoka safi, labakisha kovu tu.

2. Geuza jani, hapa ndipo penyewe. Vile vidoa vya kahawia ni vifuko vya spora, yaani vumbi la uzazi la kangaga, watu hudhani ugonjwa wanapuliza dawa, masikini. Chukua lensi ya fundi saa au simu, tazama kama vina kifuniko. Havina? Yaelekea Polypodiaceae hiyo. Kifuniko kama kikombe ukingoni mwa jani, basi ni Davallia, ya ukoo jirani. Kikiwa kama figo huenda ni Nephrolepis, ile ya vyungu vya barazani, nayo hupanda minazi, mie nimeiandika ukoo siyo mwaka mzima wallahi.

3. Papasa juu ya jani. Kama vidoa vimezama chini hata juu pametuna vijipele, na jani limechanika kama vidole, hiyo ni Microsorum scolopendria, pwani yetu ipo. Jina la pili ni la tandu. Ilianza kama Polypodium mwaka 1768, ikahamishwa Microsorum, baadaye wengine wakaiita Phymatosorus, kwa hivyo vitabu vikigombana msishangae. Hata Grammitidaceae, zamani ukoo kivyake, kwenye mpango wa wataalamu wa kupanga koo za kangaga wa 2016 imeingizwa humu humu.

Swali: Mkwezi wangu ataka kuing'oa, ati yanyonya mnazi?
Jibu: Hainyonyi dada, imeshika gome tu, yanywa mvua.

Swali: Na ile ya masikio ya ndovu?
Jibu: Platycerium elephantotis, ukoo huo huo. Ina majani aina mbili, moja limekumbatia mti ladaka takataka, na spora zake zimetanda kama zulia, usitafute vidoa.

Swali: Yangu haina kitu chini, nimegeuza majani yote.
Jibu: Huenda bado changa hiyo kaka. Ingoje, usiibandike jina.