Kwa vespa peke yangu hadi Kigomasha: namna ya kuwaona wanyama wa Pemba

Kila nikishuka melini Mkoani na vespa yangu naulizwa namfuata nani Pemba. Nawafuata popo. Nimeshakwenda mara tatu, peke yangu, na kwa kuwa wanachama wengi mmeuliza njia hadi Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, somo ndilo hili.

Kwanza mjue mnakwendea nini. Pemba hakuna simba wala chui. Unguja chui walikuwepo, maana kisiwa kiliwahi kushikana na Bara. Pemba imekatwa na mkondo wa bahari unaofika kina cha mita 800 hivi, nayo imekaa mbali zama na zama. Ndiyo maana ina popo wake, bundi wake, ninga wake (njiwa wa kijani) na chozi wake (ndege mdogo anayefyonza maua), ambao duniani kote hawana kwao pengine. Ni viumbe vidogo, vinakaa juu mitini, na saa zao nzuri ni alfajiri na magharibi. Kwa hiyo msihesabu kilomita. Kisiwa chote, kusini hadi kaskazini, ni kama kilomita 67. Hesabuni jua.

Hatua ya 1: chombo. Vespa ya zamani inataka oili ndani ya petroli, fungu 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita. Pima mwenyewe, usimwachie muuza chupa akakumiminia kwa jicho. Chukua plagi moja, tyubu, na waya wa klachi. Waya wa klachi nausisitiza, sababu yake mtaiona chini.

Hatua ya 2: Mkoani hadi Chake. Barabara ya milima na kona, si kama yetu ya Unguja. Msimu wa karafuu zinaanikwa kwenye majamvi kandokando ya njia, na harufu inakufikia kabla hujaona jamvi. Shika katikati ya upande wako. Ukikanyaga karafuu za mtu, samahani yako haitatosha.

Hatua ya 3: Kidike. Hapa usiwe na haraka. Ni msitu mdogo wa kijiji kati ya Chake na Wete, wenyeji ndio wanaoutunza. Lipa kiingilio, kisha zima injini mbali na miti. Popo wa Pemba akitandaza mabawa anafika mita 1.6, na mwili wake mwekundu wa kahawia hauzidi nusu kilo kwa mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kwisha: walipigwa bunduki, na miti yao ikakatwa. Leo wananing'inia kama mabungo yaliyoiva.

Mimi hukaa chini ya mti kuanzia saa tisa alasiri. Jua likiwa kali wanajipepea kwa bawa moja, taratibu, kama bibi na upepeo wake, na wanajilamba ngozi ya bawa wapate ubaridi. Popo akitaka kujisaidia anajigeuza: anashika tawi kwa vidole vya mabawa, kichwa kinakuwa juu, anamaliza haja, halafu anarudi kuning'inia. Ndiyo maana nasema njooni na kofia. Adhana ya magharibi ikikaribia wanaanza kuondoka mmoja mmoja, halafu kundi zima, kutafuta maembe na mafenesi.

Hatua ya 4: Konde. Jaza mafuta. Kula. Basi.

Hatua ya 5: Ngezi. Ukitoka Konde mashamba yanakwisha na miti inafunga juu ya njia. Unahisi ubaridi shingoni. Pita ofisi ya msitu, chukua mtembezaji, hasa ukitaka kuingia usiku. Mtafute mpapindi, mnazi-pori mwembamba ambao jina lake la kitaalamu lenyewe limebeba Pemba. Kuna tumbili, kuna paa chesi, paa mdogo wa msituni, ukijaaliwa, na usiku perere, pimbi wa mitini, analia kama mtu anayekabwa. Kima punju, wale wekundu, nao waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Mimi sijawatia machoni.

Kosa langu: safari ya pili nilitoka msituni saa tatu usiku na taa ya vespa hafifu kama koroboi. Ngawa, mnyama kama paka mkubwa wa mwitu, akakatiza, nikabana klachi kwa pupa, waya ukakatika. Nilisukuma chombo hadi nilipoona taa ya nyumba. Mwenye nyumba akanipa mkeka, chai na mkate wa kumimina, asubuhi mwanawe akanifungia waya wa breki ya baiskeli. Ulinifikisha hadi Wete.

Hatua ya 6: Ras Kigomasha. Mnara wa taa wa chuma, ngazi nyembamba. Mwombe mwangalizi ruhusa, panda. Upande mmoja ufukwe wa Verani, upande mwingine wa Vumawimbi.

Maswali ya wanachama

*Mtoto wa Mkunazini:* Kaka, na popobawa je?
Hahaa, yule jini anayesemwa huwavamia watu usingizini. Mwaka 1995 watu wazima walilala nje kwa makundi kwa ajili yake, kwa hiyo usimcheke mtu kijijini. Popo wa Kidike yeye shida yake ni maembe.

*Binti Makunduchi:* Mimi mwanamke, nitaweza peke yangu?
Dada, utaweza. Jisitiri, fika unapolala kabla ya magharibi, na kama unalala kijijini nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, kwanza ujitambulishe. Hilo hata mimi mwanamume nalifanya. Kijiji kikishajua wewe ni mgeni wa sheha, tabu yako itakuwa kukataa chakula.

*Fundi Darajani:* Sina chombo.
Daladala mpaka Konde, kisha kodi baiskeli. Tena utaona zaidi, haina kelele.

*Bibi wa Wete:* Mwanangu, bundi unamfuata kwa miguu yako mwenyewe? Si uchuro huo?
Shikamoo bibi. Na mimi nimelelewa hivyohivyo, bundi akilia juu ya paa tunamfukuza. Huyu wa Ngezi hazidi shubiri moja. Analia "hu", ananyamaza, analia "hu" tena. Tulizima tochi tukasimama. Mtembezaji wangu, aliyezaliwa palepale, nilimsikia anasoma aya yake kwa sauti ya chini, akamaliza, ndipo akanimulikia tawi.