Mashine pepe ikigoma kwa "Permission denied"

Kwa ndugu zangu wa Mtwara mnaojifunza seva kwa KVM (teknolojia ya Linux ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) kwenye Ubuntu: mashine pepe ikigoma kuwaka kwa kosa la "Permission denied" (ruhusa imekataliwa), usikimbilie chmod 777 (amri ya kumfungulia kila mtu) kwenye faili la diski yake. Faili mara nyingi halina shida, na libvirt, programu inayosimamia mashine hizo, hubadilisha umiliki wake yenyewe. Kinachozuia ni folda iliyo juu yake. Mashine huendeshwa na mtumiaji libvirt-qemu, si wewe, na tangu Ubuntu 21.04 folda za nyumbani zimefungwa kwa watu wengine. Mpe ruhusa ya kupita tu:

sudo setfacl -m u:libvirt-qemu:x /home/jina_lako

Hiyo x humpitisha bila kumwonyesha orodha ya mafaili yako, ndiyo maana naipenda kuliko kufungua folda nzima. Folda ndogo zikiwa zimefungwa pia, rudia kwa kila moja. Kwenye Fedora mtumiaji ni qemu, na SELinux (ulinzi wa ziada wa mfumo) inaweza kuendelea kukataa.

Diski ya nje yenye exFAT (mpangilio wa mafaili usiohifadhi ruhusa za Linux) haikubali setfacl kabisa. Hapo hamishia faili kwenye /var/lib/libvirt/images, kisha rekebisha njia yake kwenye mipangilio ya mashine.