Jinsi ya kuomba kuhamishiwa leseni ya programu kabla ya kubadili mfumo endeshi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama una steshenari Mwanga au Ujiji na kompyuta yako haikidhi masharti ya Windows 11, huenda fundi ameshakushauri uhamie Linux, mfumo endeshi mwingine. Ushauri si mbaya, ila asifomati (asifute diski) chochote kabla hujamaliza suala la leseni ulizolipia.

Anza na Windows yenyewe. Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika slmgr /dli na ubonyeze Enter tena. Kitafunguka kidirisha kidogo. Ukiona neno OEM, leseni ilikuja na mashine na haihamii mashine nyingine. RETAIL, yaani iliyonunuliwa peke yake, huhamishika.

Kisha kagua programu moja moja. Leseni ya Sublime Text, programu ya kuandikia msimbo, ni ya mtumiaji, kwa hiyo namba ileile inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux bila kuomba ruhusa. Microsoft 365 haina toleo la kusakinisha kwenye Linux, lakini akaunti yako itafunguka kwenye kivinjari. Zile zinazouzwa kwa mfumo mmoja tu ndizo za kuombea.

Ombi litumwe kwa muuzaji wa programu kutoka barua pepe iliyotumika kununulia. Hapa wengi hukwama: fundi alinunua kwa barua pepe yake, hivyo kwa muuzaji mwenye leseni ni yeye. Mtafute kwanza, aombe akaunti ihamishiwe kwako. Kwa kampuni ya nje andika kwa Kiingereza, kwa ufupi: jina lililo kwenye risiti, namba ya oda, mfumo unaotoka na unaokwenda. Ambatisha risiti. Uliza mambo mawili: je, toleo la Linux lipo, na kuna nyongeza ya kulipa? Namba nzima ya leseni usiirushe kwenye kundi la WhatsApp hata siku moja.

Usiitoe leseni kwenye mashine kabla hujajibiwa kwa maandishi. Wakikubali, ingia ndani ya programu, tafuta sehemu ya akaunti au ya leseni, uiondoe leseni huku intaneti ikiwa hewani. Hakikisha bando lipo na betri imejaa, kwani umeme ukikatika katikati, kwa muuzaji leseni inaweza kuendelea kuhesabika kwamba inatumika. Piga picha skrini inayothibitisha imeondoka. Sasa fundi afomati.

Wakikataa, mwambie fundi aiache Windows kwenye sehemu yake ya diski na Linux aiweke pembeni. Programu uliyokataliwa kuihamisha itaendelea kufunguka humo. Mambo ya intaneti yafanyie Linux, kwa kuwa Windows hiyo haihudumiwi tena.